HDR: dirisha jeupe, chumba giza

Napiga chumba chenye dirisha kwa HDR, yaani kuunganisha picha za mwangaza tofauti ziwe moja. Nimeunganisha picha 3 zilizopishana stopu 1 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), lakini nje bado ni peupe tupu. Nakosea wapi?

— Stopu 1 ni ndogo mno. Piga −2, 0, +2. Jua likiwa kali, piga 5 kuanzia −4 hadi +4. Weka kamera kwenye tripodi, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, ibadilike kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) peke yake: 1/250, 1/60, 1/15. Ukigusa tundu la lenzi, sehemu zinazoonekana kali zinabadilika na picha hazilaliani. Funga fokasi pia. Halafu angalia histogramu, yaani grafu ya mwangaza: picha yenye giza kuliko zote isigonge ukingo wa kulia, upande wa weupe tupu.

— Na pazia likipepea utapata mizimu, yaani kitambaa kimoja kinaonekana mara tatu. Washa kiondoa mizimu kwenye programu. Shata ifyatuliwe na taima ya sekunde 2, si kidole.

— Mwanga wa ndani na wa nje ukiwa haujapishana sana, RAW moja (faili ghafi ya kamera) inatosha: pima mwanga kwa dirisha, kisha inua vivuli, ukubali chembechembe kidogo. Ila ukizidisha uhariri, kingo za dirisha zinaota pete nyeupe, na hapo ndipo HDR inapochukiza.