Pendekezo la tasnifu limerudishwa: "Haya ni maelezo, si hoja"

Mchoraramani
Wakuu, naomba msaada. Nasoma uzamili wa historia ya usanifu majengo, shahada ya kwanza ilikuwa ya kuchora majengo. Mada ni Beit al-Ajaib, jumba la sherehe la Sultani kule Zanzibar. Pendekezo limerudi na maneno haya pembeni: "Haya ni maelezo, si hoja." Nimeeleza mwaka wa kujengwa (1883), Sultani Barghash, nguzo za chuma, baraza zinazolizunguka jumba, na kuporomoka kwa sehemu ya mbele Desemba 2020. Tasnifu ni maneno 15,000. Hoja inapatikanaje hapo?

Boriti
Mkuu, ulichonacho ni jengo, swali bado. Swali linalofaa ni lile ambalo msomi mwenzako anaweza kulijibu kinyume na wewe, akiwa na ushahidi wake mkononi.

Chukua mnara wa saa wa jumba hilo. Wengi huamini uso ulioporomoka 2020 ndio alioujenga Barghash. Sio wote. Mnara wa zamani ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zilipiga mizinga: mnara ukaharibiwa, na Beit al-Hukm, jumba jingine la Sultani lililokuwa jirani, ikabomoka, haikujengwa tena. Mwaka 1897 ukajengwa mnara mpya, safari hii umeshikamana na jumba lenyewe. Kwa hiyo sura tunayoijua kwenye kadi za posta ni ya baada ya mizinga.

Sasa uliza: kuuhamishia mnara kwenye uso wa jumba kulibadilisha maana ya jumba la sherehe la Sultani chini ya himaya ya Uingereza, au yalikuwa matengenezo tu? Hapo unaweza kubishiwa, na hapo ndipo tasnifu inapoanzia. Chochote kisichosaidia kujibu swali hilo, hata kiwe kizuri namna gani, kipe sentensi moja au kifute.

Mtunza Jalada
Naongezea upande wa picha, maana ndiko wengi wanakoanguka. Maandishi ya chini ya picha mara nyingi huwekwa miaka mingi baadaye, na mtu ambaye hakuwepo. Isome picha yenyewe kwanza. Mnara umesimama peke yake? Beit al-Hukm inaonekana? Ukiona mnara umeshikamana na jumba, picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1897, hata kama imeandikwa 1890. Hakikisha pia haijachapwa kinyume, kushoto kuwa kulia. Negativu za kioo zilifanyiwa hivyo. Maandishi yoyote ndani ya picha yatakuonyesha.

Tengeneza jedwali: namba ya jalada, kilichoandikwa nyuma, kinachoonekana, tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, ya mwisho kabisa, na sababu ya kila moja. Ukiwa Nyaraka za Taifa kule Kilimani, weka kikaratasi chenye namba ya jalada na ukurasa ndani ya kila fremu unayopiga. Bila hivyo, ukirudi nyumbani una mamia ya picha za simu usizoweza kuzinukuu.

Mchoraramani
Asanteni sana. Na sura ya mapitio ya maandiko? Nimempa kila mwandishi aya yake.

Zidaka
Hiyo ni orodha. Panga kwa mabishano, si kwa majina. Tazama miji ya mawe ya pwani ya Waswahili: kwa muda mrefu wataalamu waliandika kwamba iliasisiwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi, wakiegemea sana masimulizi kama Historia ya Kilwa, ambayo yaliandikwa karne ya 16 kwa faida ya watawala wa wakati huo. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, mji wa kale kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti midogo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ya miti, tangu karne ya 8. Jiwe lilikuja kwenye mji uliokwisha kuwepo. Angalia kilichohama pale: ushahidi wenyewe, kutoka masimulizi ya ukoo kwenda tabaka za udongo.

Kwa kila mwandishi wako andika mistari mitatu: anategemea ushahidi gani, alimwandikia nani, na kitu gani kingemlazimisha abadili mawazo. Kisha wakusanye wanaogongana. Makundi mawili au matatu yanatosha, jumla maneno 3,000 hivi. Mwandishi asiyekaa kundi lolote usimlazimishe. Msome tena polepole, huenda pengo unalolitafuta liko kwake.