Kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) kila mwezi. Nani anatusomea matumizi yake?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Ukinunua umeme wa elfu tano leo, na ndiyo mara yako ya kwanza mwezi huu, inatolewa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwenye yuniti na makato mengine. Ukikaa miezi mitatu bila kununua, deni linajilimbikiza linakusubiri. Halina barua, halina notisi, halina "njoo kesho". Unaweza kuwa umelala na homa, unaweza kuwa huna kazi tangu mwaka juzi, mita haiulizi. Kwa upande wa kuchukua, serikali yetu imefika kila chumba chenye taa.

Sasa mimi nauliza upande wa pili. Ile 1,500 ikishatoka kwenye simu yangu, nani ananisomea imekwenda wapi?

Tukumbushane. Zamani kodi ya majengo ilikuwa inakusanywa na halmashauri zenyewe. Ilikuwa na kasoro zake, watu wengi walikuwa hawalipi, hilo silikatai. Mwaka 2016 kazi hiyo ikahamishiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya serikali kuu. Juni 2021 Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Mwigulu Nchemba, akasoma bajeti ya 2021/22, na kufikia Agosti mwaka huohuo kodi ikawa inakatwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila ghorofa moja mijini. Julai 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Yaani kutoka 12,000 kwa mwaka hadi 18,000, ndani ya miaka miwili. Ongezeko la nusu nzima. Mshahara wa nani hapa uliongezeka nusu ndani ya miaka hiyo miwili?

Kuna watakaosema 1,500 ni hela ndogo, ni soda na chapati. Haya, tupige hesabu. Chukua mtaa wenye nyumba 500 za kawaida, na mitaa ya aina hiyo Dar ni mingi mno. Mara 18,000, ni milioni 9 kwa mwaka kutoka mtaa mmoja, hapo sijagusa maghorofa. Ndani ya miaka mitano ni milioni 45. Milioni 45 inachonga barabara, inamwaga moramu, inajenga kalavati. Mtaa wetu haujaona hata tripu moja ya kifusi ambayo hatukuchangishana wenyewe.

Nieleze mtaa wenyewe. Jina sitaji, wala manispaa sitaji, kwa sababu najua atakayeitwa wa kwanza kujieleza ni mwenyekiti wetu, ambaye hana gari, hana bajeti, na ofisi yake ni chumba kimoja cha kupangisha chenye meza na muhuri. Uko pembezoni mwa Dar es Salaam. Unashuka barabara ya lami, unaingia ndani kama dakika kumi kwa miguu. Katikati kuna korongo dogo, na juu yake kulikuwa na kalavati. Masika moja maji yalikuja na taka zote za juu, yakaziba mdomo wa bomba, yakapita pembeni na kula udongo, bomba likabaki linaning'inia. Mpaka leo linaning'inia. Wakazi tumelaza nguzo mbili za umeme zilizochakaa na mbao juu yake. Bodaboda wa mchana wanapita kwa kubahatisha, wa usiku wanakushusha ng'ambo. Bajaji haiingii kabisa. Gari la taka haliingii, na hapa ndipo mtego unapojifunga wenyewe: gari haliingii kwa sababu barabara mbovu, taka zinatupwa korongoni kwa sababu gari haliingii, masika ikija taka zinaziba maji, na maji yanakula barabara iliyobaki. Ada ya taka lakini inadaiwa kila mwezi kwa risiti.

Mvua zilizopita kuna dada alishikwa na uchungu saa nane usiku. Vijana wanne walimbeba kwenye kiti cha plastiki, wakamvusha kwenye zile mbao huku maji yanagonga magotini, mume wake anamulika tochi ya simu. Alifika, mtoto alizaliwa salama, Mungu ni mwema. Lakini yule dada anakatwa kodi ya jengo. Amepanga chumba na sebule, analipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba, na mita iko kwenye mlango wake.

Na hili la wapangaji lazima tulizungumze. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, hata jina lake linasema. Lakini LUKU ananunua mpangaji. Tuliambiwa mpangaji na mwenye nyumba waelewane, akatwe kwenye kodi ya pango. Wakuu, tuwe wakweli. Mpangaji gani wa chumba kimoja Mbagala, Manzese au Tandale anaweza kumwambia baba mwenye nyumba "nimekukata 1,500 kila mwezi"? Atajibiwa kwamba chumba kina watu wengi wanakitaka. Serikali imemwekea mnyonge mzigo wa mwenye mali, halafu ikamwambia akadai mwenyewe. Na zile nyumba zenye mita tatu nne, kila mpangaji ya kwake, makato yakitokea kwenye zaidi ya mita moja ni juu ya mwananchi kwenda kuomba yaondolewe.

Kuomba, nasema, maana nimeona kazi yake. Jirani yangu ni mama mjane, amepita miaka 60. Sheria inawasamehe wazee wa umri wake kwa nyumba moja wanayoishi. Mita ina jina la marehemu mumewe. Alipokwenda ofisini akaambiwa alete uthibitisho wa umiliki. Alicho nacho ni karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, kama sisi wote tulionunua viwanja kwenye makazi yasiyopimwa. Ikaonekana haitoshi. Akaambiwa alete barua ya mtaa, akaipeleka. Akaambiwa mirathi. Nauli ya kwenda na kurudi kila safari inazidi hiyo 1,500 yenyewe, mpaka mama akaamua kunyamaza aendelee kukatwa. Angalieni hapo: kwa kumkata, karatasi yake ya mtaa haikuulizwa. Kwa kumsamehe, ndiyo inaonekana si karatasi.

Kuhusu kalavati tumezunguka pia. Mwenyekiti akatuma barua kata. Diwani akasema liko kwenye mpango. Tukafuata huo mpango, tukaambiwa barabara yetu haijaingizwa kwenye mtandao wa barabara zinazohudumiwa, kwa hiyo haina fungu. Tukauliza kodi ya jengo inafanya nini, mtumishi mmoja, mstaarabu tu, akatujibu kwa upole kwamba hela hiyo haiingii moja kwa moja kwao, inaingia serikali kuu, wao wanasubiri mgao. Simlaumu. Lakini mnaona tatizo lilipo? Anayekata yuko mbali na mtaa. Aliye karibu na mtaa hana hela. Anayepanga hana orodha ya barabara yetu. Kila mmoja ukimfuata ana jibu lililo sahihi kwa upande wake, na bomba bado linaning'inia.

Na siyo kodi ya jengo peke yake. Bajeti hiyohiyo ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta, na tuliambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Shilingi 100 hiyo analipa hata asiye na gari, maana iko ndani ya nauli na ndani ya bei ya nyanya. Mwaka huohuo ikaja tozo ya miamala ya simu, Julai, tukapiga kelele nchi nzima, ikapunguzwa, na baadaye ikapunguzwa tena. Lakini nitasema haki: kwenye tozo angalau walijaribu kutuonyesha. Walisema hiki kituo cha afya ni cha tozo, haya madarasa ni ya tozo, watu wakaenda wakayaona, wakapinga au wakakubali wakiwa na kitu mbele ya macho. Kwenye kodi ya jengo hata hicho hakuna. Mimi sijawahi kusikia mtu akikata utepe akisema mtaro huu umejengwa kwa kodi ya jengo ya watu wa mtaa huu.

Nikisema hivi kuna watu wanaleta siasa. Mimi nanukuu Katiba. Ibara ya 8 inasema serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani yamefika mtaani kwetu? Novemba 27, 2024 tulipiga kura kuchagua wenyeviti wa mitaa. Huyo tuliyemchagua hawezi kuagiza ndoo moja ya saruji, na hana karatasi yoyote inayomwonyesha mtaa wake umekusanyiwa kiasi gani kupitia mita zake. Mkutano wa mtaa ukiitwa anatusomea michango ya ulinzi shirikishi na ya msiba. Hizo ndizo hesabu anazozijua, kwa sababu hizo hela alizishika yeye.

Na msiniambie haiwezekani kujua. Mita ina namba, ina mkoa, ina wilaya. Mfumo unaoweza kujua kwamba nimeruka mwezi wa nne na kunidai mwezi wa tano, hauwezi kushindwa kujumlisha mita za kata moja. Kama hauna mtaa ndani yake, wauweke. Uwezo upo, ulitumika kukata.

Ninachotaka si kufutiwa kodi. Nataka kuilipa, na nataka kuiona. Kila halmashauri ibandike kwenye ofisi ya kata na ya mtaa, kila robo mwaka, kwa Kiswahili, kwa maandishi yanayosomeka: kata hii imekusanyiwa kiasi hiki cha kodi ya jengo, kilichorudi ni hiki, kimefanya kazi hii mahali hapa. Kama kilichorudi ni sifuri waandike sifuri. Mwenye nyumba akatwe mwenye nyumba, mpangaji mita yake iachwe. Na mzee wa miaka 60 msamaha wake ufuate kitambulisho cha NIDA kilichopo tayari, asipandishwe daladala kwenda kuuomba.

Kwa sasa sisi tumeamua jambo moja. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Tumeandika barua ya wakazi tukiomba takwimu za kodi ya jengo za kata yetu tangu ilipoingia kwenye LUKU, pamoja na kilichorudishwa. Nakala ina muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nitaleta majibu hapahapa yakija, na yasipokuja nitaleta hiyo nakala.

Kama yupo humu ambaye kata yake imewahi kubandikiwa hesabu za kodi hii ukutani, naomba apige picha aweke. Na kwa wanaotaka kuandika barua kama yetu, semeni, nitaweka maneno yake yote mbadilishe jina la kata tu.