Kazi za usiku kwenye kompyuta za matawi: cron, Ansible au Rundeck?

mwana_tudor
Wadau, bosi anataka jibu kabla ya Ijumaa. Tuna matawi Likoni, Changamwe na Mtwapa, ofisi kuu iko Moi Avenue. Kila usiku nakala ya mauzo itoke tawini ije ofisini, kisha ripoti itengenezwe. Nichague cron (kipanga-ratiba cha Linux) kwenye kila mashine, Ansible (hutuma amri kwa mashine nyingi kutoka sehemu moja) au Rundeck (ukurasa wa kupanga na kufuatilia kazi)?

fundi_mikindani
Mashine ngapi? Windows au Linux? Intaneti gani? Zinazimwa usiku? Hujasema chochote, mkuu.

mwana_tudor
11. Ubuntu 8, Windows 10 ni 3 kwa ajili ya programu ya hesabu. Ruta za laini ya simu. Duka likifungwa, wengine huzima swichi ukutani.

bint_kisauni
Basi anza na njia kabla ya programu. Laini ya simu mara nyingi haina anwani yake ya umma, kwa hiyo ukiwa ofisini huwezi kulifikia tawi. Kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, weka WireGuard (VPN, yaani njia ya siri kati ya mashine; poti UDP 51820), kila tawi liipigie seva lenyewe, na uandike PersistentKeepalive = 25 (ishara kila sekunde 25) ruta isije ikaisahau njia. Poti 3389 (ya kuingia Windows ukiwa mbali) usiifungulie dunia nzima hata kwa dakika moja.

Halafu hizo swichi. Cron ikikuta mashine imezimwa, kazi imepita hiyo. Timer ya systemd (kipanga-ratiba kingine cha Linux) yenye OnCalendar (saa ya kazi) na Persistent=true huianza kazi iliyopitwa mashine ikiwashwa tu. Ila hapo itatuma data asubuhi wateja wakiwa dukani, kwa hiyo rsync (programu ya kunakili faili) ipe --bwlimit, kikomo cha kasi.

mzee_wa_seva
Ansible, mjadala ufungwe. Husakinishi kitu cha ziada tawini: SSH (njia ya kuingia mashine ya Linux ukiwa mbali) na Python vinatosha, na Windows unapitia WinRM (njia yake ya kuamriwa kutoka mbali), poti 5986. Kwa kawaida hushika mashine 5 kwa mpigo, weka forks = 11 zishikwe zote pamoja.

fundi_mikindani
Mzee, Ansible haina saa! Lazima kitu kiiamshe. Rundeck inayo ratiba, na inakuonyesha nani aliendesha nini na ilikwama wapi.

mzee_wa_seva
Mashine 11 unamletea Java, ambayo Rundeck huihitaji? Seva yenye kumbukumbu ya GB 1 itakufa kabla ya poti 4440 ya Rundeck kufunguka.

bint_kisauni
Mkibishana hivyo, mtu atapoteza data. Duka moja hapa mjini liliendesha `rsync -a --delete /data/` kila usiku kwenda ofisini (--delete hufuta kule kisichokuwepo huku), na /data ilikuwa diski ya nje. Stima ikakatika, iliporudi kompyuta ikawaka lakini diski haikuunganishwa. /data ikabaki folda tupu. Rsync ikaona chanzo hakina kitu, ikafuta kila kitu upande wa ofisi, ikamaliza na 0 (yaani bila kosa), na barua pepe ikasema kazi imefaulu. Baadaye ile diski nayo ikafa. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa skripti uwe `mountpoint -q /data || exit 1` (diski isipokuwepo, acha), ongeza --max-delete=50 (isifute faili zaidi ya 50), na nakala za kila siku zikae folda tofauti kwa --link-dest, ambayo hairudii faili zisizobadilika. Hakuna Rundeck itakayokukinga na hilo.

pwani_kali
Na saa muangalie. Seva za kukodi nyingi huja na UTC (saa ya dunia, nyuma yetu kwa saa tatu), kwa hiyo 02:00 yake ni 05:00 yetu. Na kuna waandikao `0 8 * * *` kwenye cron (yaani 08:00 kila siku) wakikusudia saa nane usiku, kazi ikaanza saa mbili asubuhi.

fundi_mikindani
Hizo Windows 10 zenyewe Microsoft iliacha kuzihudumia 14 Oktoba 2025. Hamisha kwanza.

mwana_tudor
Programu ya hesabu haijajaribiwa kwenye Windows 11. Bosi amesoma hapa, sasa anauliza bei ya UPS (betri za akiba stima ikikatika) za ruta.

pwani_kali
Ruta yako ni volti 9 au 12? Angalia adapta kabla hujanunua.

mzee_wa_seva
Ansible bado.