Kuwaleta watoto Dar es Salaam kutoka Lubumbashi: jibu kwa yaya wa Katuba

Yaya, ndugu yangu mkubwa wa kule Katuba, Lubumbashi, jambo yako na ya nyumba yote. Umeuliza kama likizo kubwa hii mnaweza kuwaleta watoto Dar waone bahari, na kama ni lazima mfike hadi Zanzibar. Sisi watu wa Lubumbashi tunaoishi huku tunaulizwa hivyo kila kiangazi kikianza, kwa hiyo najibu kwa urefu ili na wengine wasome.

Zanzibar iacheni kwanza. Najua wapo watakaonipinga. Lakini mkija kwa barabara mtakuwa mmekata karibu kilomita 2,000: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa. Mtoto aliyetoka kwenye basi la namna hiyo msimpandishe boti kesho yake, tena miezi ya upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, ambapo bahari inachafuka na abiria wanatapika. Dar yenyewe inawatosha.

Karatasi ni hizi: pasipoti kwa kila mtoto, kadi ya chanjo ya homa ya manjano (wanaikagua kweli), na kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja au na tantine (shangazi au mama mdogo), barua ya ruhusa ya wazazi yenye muhuri. Mnapita Zambia, basi ulizeni masharti yao mapema kwenye konsula yao pale Lubumbashi, msingoje kuuliza mpakani katikati ya foleni ya malori. Na ile mifuko ya plastiki tunayofungia kila kitu iacheni nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 2019.

Pesa. Kwetu tumezoea kulipa dola dukani na kurudishiwa faranga. Huku tangu 2025 kanuni zinakataza kuuza au kulipia kitu kwa fedha za kigeni, hata chumba cha hoteli, kwa hiyo ni shilingi tu. Njooni na noti safi za miaka ya karibuni, mbadilishe kwenye duka la fedha mkiwa na pasipoti.

Baada ya Iringa wakalisheni watoto dirishani. Barabara kuu inapasua hifadhi ya Mikumi, na twiga, pundamilia, hata tembo wanaonekana mkiwa ndani ya basi. Halafu kuna jambo ambalo ningelifanya mimi: shukeni Morogoro, mlale, asubuhi mmalizie safari kwa SGR, treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza Juni 2024. Inafika kilomita 160 kwa saa, na mnaukwepa msongamano wa kuingia Dar, ambao peke yake unaweza kula nusu siku. Stesheni iko mbali na stendi ya mabasi ya Msamvu, kwa hiyo tafuteni teksi, na tiketi zikatwe kabla. Angalieni saa pia. Dar iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, na treni iliyoandikwa 06:00 watu watakuambia inaondoka saa kumi na mbili.

Sasa barabarani, na hapa nakusihi. Magari ya huku yanashika kushoto. Dada yangu alipokuja na wanawe, yule wa kiume alisimama ukingoni mwa barabara ya Bagamoyo, akatazama kushoto kama anavyofanya akivuka kwenda shule, akaona peupe, akaweka mguu. Bajaji ikatokea kulia. Mama yake alimvuta kwa ukosi wa shati. Wazoezeni kutazama kulia kwanza, na mkononi muwashike hata wakubwa.

Bahari. Watoto wetu maji wanayoyajua ni ya ziwa letu la Kipopo, yanayokaa pale pale. Huku maji yanajaa na kupwa kila baada ya saa sita hivi, na mwezi ukiwa mpevu au mwandamo yanakuja kwa nguvu zaidi. Waulizeni wavuvi kabla ya kuingia. Pale Coco Beach maji yakipwa yanaacha miamba na vidimbwi vyenye kaa wadogo na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, kwa hiyo wavae kandambili. Maji yakirudi, tokeni. Jioni muwapeleke kwenye mihogo: muuzaji anaitoa kwenye mafuta, anaipasua katikati, anaijaza kachumbari, anamwagia pilipili ya ukwaju juu. Muhogo wanaujua tangu kuzaliwa, ila wa namna hii watauomba kila siku.

Kama mna siku moja tu ya kutembea mjini, itumieni Magogoni. Anzeni soko la samaki Feri asubuhi, mnada ukiwa moto na pweza wamerundikwa mezani. Kisha pandeni pantoni kwenda Kigamboni. Nauli ni ndogo sana, na mnavuka mlango wenyewe wa bandari, mwembamba kiasi kwamba meli kubwa ikiingia pantoni inasubiri, na watoto wanainua shingo kuiona juu. Waambieni kwamba shaba inayopita Kasumbalesa kwenye malori, nyingine inapakiwa hapa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza mtoto wa Katanga anapaswa kuliona Dar, kabla ya mchanga na mabembea. Babu zetu waliichimba, wengi wao hawakuona inakokwenda.

Makumbusho ya Taifa iko karibu, mtaa wa Shaaban Robert. Humo mna habari za Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za makabila, ni kizuri siku kukiwa na ngoma.

Kulala: wafanyabiashara wetu hufikia Kariakoo, ila usiku hakuna utulivu kwa watoto. Sinza ni afadhali. Mkija wiki ya kwanza ya Julai maonyesho ya biashara ya Sabasaba yanakuwa yanaendelea barabara ya Kilwa, vyumba vinapungua na foleni zinaongezeka. Nitumie tarehe mara pasipoti zikitoka, nianze kuulizia chumba chenye vitanda vitatu.