Mfumo unaingia vizuri kwenye laptopu, ukifika kwenye seva unamtoa mtu nje. Naomba ushauri

binti_mwaloni

Mwangaluka wakuu. Naomba msaada kwa anayeijua Django (ile ya Python ya kutengenezea mifumo ya mtandaoni), nina siku ya nne na tatizo hili na limenichosha.

Nimemtengenezea mama mdogo na wenzake mfumo wa mtandaoni. Wanauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mfumo unaandika magunia yaliyoshuka kutoka visiwani, nani kachukua kwa mkopo, nani kamaliza deni. Kabla ya hapo walitumia daftari, na daftari likilowa ndiyo basi, deni limekufa. Kila mama anaingia kwa namba yake ya simu na nenosiri.

Kwenye laptopu hakuna shida. Kwenye seva ya majaribio naingia vizuri, ila kila nikiiwasha upya nakuta nimetolewa. Kwenye seva ya kazi, yenye domeni na HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa kwa cheti), ndiyo balaa: naingia, ukurasa wa kwanza unafunguka, nikibonyeza "Magunia" narudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Nikirudi nyuma na kufungua upya mara mbili tatu, najikuta nipo ndani bila kuandika nenosiri! Jana mama mdogo alikuwa na mteja amesimama mbele yake, akatolewa mara tatu mfululizo, akaweka simu chini akachukua daftari. Iliniuma sana.

Mbalamwezi inaisha wiki hii. Giza likiingia maboti yanarudi kuvua na mzigo utashuka kwa wingi, natamani hadi hapo kiwe kimekaa sawa. Msimbo ni uleule kote, nimeulinganisha.

nyegezi_dev

Pole dada. Anza na SESSION_COOKIE_SECURE, mpangilio unaosema kuki (alama ndogo anayotambulishwa nayo mtu aliyeingia) ipite kwenye https tu. Ikiwa True na wewe unafungua kwa http tupu, kivinjari kinaikataa ile kuki, kwa hiyo mtu anaingia na hapohapo anasahaulika. Mimi lilinipata nilipokuwa napima kwa anwani ya IP isiyo na cheti.

binti_mwaloni

Asante kaka. Seva ya kazi ni https mwanzo mwisho. Kuki ya sessionid naiona ipo, na haibadiliki hata nikitolewa.

kijana_mkuyuni

Weka DEBUG = True (hali ya kuonyesha makosa) kwenye seva uone kosa, na CSRF (kinga ya fomu za kughushi) izime kwanza, mara nyingi ndiyo inayosumbua.

fundi_igoma

Mkuu, hapana, tafadhali. DEBUG ikiwa wazi, kosa likitokea mtu yeyote anasomewa vipande vya msimbo na thamani zilizomo. Na CSRF ingekuwa na tatizo angepata 403, yaani kukataliwa, wakati wa kutuma fomu, asingefika hata ukurasa wa kwanza. Hao ni akina mama na madeni ya watu, tusiwavulie mlango.

Dada, hilo la kutoka na kurudi bila nenosiri ndilo linalonipa picha. Nijibu mawili. Gunicorn, programu inayouendesha mfumo kwenye seva, ina wafanyakazi (nakala za mfumo zinazopokea maombi) wangapi kwenye kila seva? Na SECRET_KEY, ufunguo wa siri ambao Django inagongea muhuri sesheni (kumbukumbu ya nani kaingia), inatoka wapi? Andika mstari wenyewe, ufunguo usiuweke hapa.

binti_mwaloni

Seva ya kazi wafanyakazi 3, ya majaribio 1. Mstari ni huu:

SECRET_KEY = os.environ.get("SECRET_KEY", get_random_secret_key())

Niliambiwa ufunguo usiwekwe kwenye Git, tunakotunzia msimbo, kwa hiyo nimeuweka kwenye faili la .env la mipangilio ya siri, na faili hilo lipo laptopu tu. Halafu nimepekua kumbukumbu za seva, kuna mstari unajirudia mara nyingi: "Session data corrupted", yaani data za sesheni zimeharibika.

fundi_igoma

Basi tumeupata.

Kwenye seva hakuna .env, kwa hiyo Django haikukuta ufunguo, ikatumia ile nafasi ya pili ya mstari wako: ikajitungia. Gunicorn isipowekewa --preload (kupakia mfumo mara moja kwa wote), kila mfanyakazi anaupakia mfumo peke yake, kwa hiyo kila mmoja katunga ufunguo wake. Ni ghala lenye makarani watatu, kila mmoja kachonga mhuri wake. Karani wa kwanza anakugongea mhuri unapoingia. Ombi linalofuata likimwangukia wa pili, anautazama mhuri, hautambui, anakuhesabu mgeni. Sesheni yako haijafutwa, ipo kwenye hifadhidata, ndiyo maana ukirudi kwa karani wa kwanza unajikuta ndani. Kwenye majaribio karani ni mmoja, tatizo linaonekana pale tu unapomwasha upya na anachonga mhuri mwingine.

Kutoweka ufunguo kwenye Git ulifanya sahihi kabisa. Kilichokuponza ni ile thamani ya akiba. Andika hivi:

SECRET_KEY = os.environ["SECRET_KEY"]

Ufunguo usipokuwepo, mfumo ukatae kuwaka. Afadhali ukugomee wewe saa 4 usiku kuliko kumgomea mama mdogo mbele ya mteja. Kisha tunga ufunguo wa seva ya kazi na mwingine tofauti wa majaribio, kila mmoja uuweke kwenye faili lake palepale kwenye seva, ulifunge kwa chmod 600 ili mwenye faili tu alisome, na kwenye huduma ya systemd (inayowasha programu za seva) uelekeze EnvironmentFile kwenye faili hilo. Washa upya.

binti_mwaloni

Nimeelewa, ila naogopa kitu kimoja. Nikiweka ufunguo mpya, manenosiri ya akina mama hayatapotea? Kuwasajili tena 26 ni kazi.

fundi_igoma

Hayatapotea. Nenosiri linahifadhiwa kwa chumvi yake (herufi za bahati nasibu zinazochanganywa nalo), halitegemei SECRET_KEY. Kila mtu ataingia upya mara moja, na kiungo cha kubadili nenosiri kilichotumwa kabla hakitafanya kazi. Siku nyingine ukitaka kubadili ufunguo bila kuwatoa watu, Django tangu toleo la 4.1 ina SECRET_KEY_FALLBACKS, unaweka wa zamani humo kwa muda.

wa_ukerewe

Niongeze jambo dada yangu. Ukihamisha vitu kati ya seva, usinakili hifadhidata ya kazi kuipeleka kwenye majaribio. Humo mna majina, namba za simu na madeni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na hata bila sheria, deni la mtu ni siri yake na aliyemkopesha. Tumia majina ya kubuni.

binti_mwaloni

Nimerudi wakuu. Mara ya kwanza mfumo uligoma kuwaka, nikakuta njia ya faili nimeikosea herufi moja. Nikairekebisha. Leo alfajiri nilikaa na mama mdogo gengeni kwake, ameandika magunia 14 bila kutolewa hata mara moja. Daftari lilikuwa pembeni, hakuligusa. Mungu awabariki.

Limebaki dogo: mwenzake mmoja anaambiwa namba haipo. Alisajiliwa kwa 07, simu yake inajijazia +255.

nyegezi_dev

Hilo linarekebishika. Kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta, ondoa nafasi, kisha geuza zote ziwe +255. Pitisha pia zile zilizokwisha kuhifadhiwa, ila kwanza hakikisha hakuna mama aliyesajiliwa mara mbili kwa sura zote mbili, maana madeni yake yatakuwa yamegawanyika.