Naomba ushauri: binti yetu wa miaka 13 na mashindano ya kimataifa ya fidla kwa vijana

Mama wa Mpiga Fidla (Nairobi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Sisi ni wazazi wa binti mwenye umri wa miaka 13, na tunaomba ushauri wa wale wanaoufahamu muziki wa okestra kutoka ndani. Binti yetu anapiga fidla tangu alipokuwa chekechea. Mwaka uliopita alifaulu vizuri mtihani wa fidla wa daraja la nane wa bodi ya muziki ya Uingereza, na kwa sasa anafanyia kazi koncheto ya Mozart namba 3 (kipande cha fidla moja ikisindikizwa na okestra) pamoja na Partita ya pili ya Bach (mfululizo wa vipande vya fidla peke yake). Mwalimu wake anaamini wakati umefika apimwe miongoni mwa vijana wa kiwango chake, kwa sababu hapa nyumbani hao ni wachache na wote wanafahamiana. Ametutajia mashindano ya aina ya yale aliyoyaanzisha mpiga fidla mashuhuri Yehudi Menuhin mjini Folkestone, Uingereza, mwaka 1983, ambayo baadaye yamekuwa yakihama kutoka mji hadi mji, kama vile Oslo mwaka 2010, Beijing mwaka 2012 na Austin mwaka 2014.

Mambo matatu yanatutia wasiwasi. La kwanza ni gharama, kwani sisi ni waajiriwa wa kawaida. La pili ni moyo wa mtoto. Amekwisha kutazama mara nyingi sana fainali ya vijana wadogo ya mashindano hayo, iliyofanyika Geneva mwaka 2018, ambapo zawadi ya kwanza waligawana Chloe Chua wa Singapore, aliyekuwa na miaka 11, na Christian Li wa Australia, aliyekuwa na miaka 10. Siku nyingine akimaliza kuitazama hufanya mazoezi hadi usiku. Siku nyingine huirudisha fidla kwenye sanduku lake na hataki kusemeshwa. La tatu, ambalo ndilo kubwa kwetu, ni hili: mtoto anayesafiri mbali namna hiyo kisha akatolewa katika raundi ya kwanza, anarudi na nini?

Mwalimu wa Nyuzi (Dar es Salaam)

Mama, hongera kwa malezi hayo. Naomba nianze na swali lako la tatu, kwa kuwa ndilo linaloamua yale mawili ya mwanzo.

Menuhin mwenyewe alikulia jukwaani. Alizaliwa New York mwaka 1916, alianza kupiga mbele ya hadhira San Francisco akiwa na miaka 7, na mwezi Aprili mwaka 1929, kabla hajatimiza miaka 13, alipiga mjini Berlin koncheto tatu katika onyesho moja: ya Bach, ya Beethoven na ya Brahms. Mtu aliyepitia hayo aliujua uzito anaobebeshwa mtoto mwenye kipaji, na nadhani ndiyo sababu shule aliyoianzisha mwaka 1963, ambayo sasa iko Surrey, na mashindano aliyoyaanzisha miaka 20 baadaye, vyote vina sura ya malezi kuliko sura ya mchujo.

Katika mashindano hayo kijana anayetolewa mapema hafungishwi virago. Huhimizwa abaki mpaka siku ya mwisho, ahudhurie masomo ya hadhara ambamo bingwa humfundisha kijana mmoja huku wengine wakisikiliza, apige katika matamasha madogo mjini, na jioni awasikilize majaji wenyewe wakipiga. Hili la majaji kupanda jukwaani mimi ninaliheshimu sana. Mtoto anaposikilizwa asubuhi na mtu fulani, kisha jioni akauona mkono wa mtu huyo huyo ukifanya kazi, anaielewa hukumu aliyopewa kwa namna ambayo karatasi ya alama haiwezi kumweleza. Joji Hattori alishinda mashindano hayo mwaka 1989, na baadaye akawa mmoja wa majaji wake kwa miaka mingi. Yeye ameketi pande zote mbili za meza.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Soma kanuni za mashindano yoyote unayoyafikiria, uruke ukurasa wa zawadi, utafute yanampa nini asiyeshinda. Kama hakuna tamasha, hakuna somo, na hakuna jaji anayezungumza na washiriki baada ya matokeo, nauli yenu itumieni kwa jambo lingine.

Kuhusu umri msiwe na haraka. Mashindano ya Menuhin yana makundi mawili, walio chini ya miaka 16 na walio chini ya miaka 22, na tangu mwanzo yalipangwa kwa vipindi vya miaka miwili, si kila mwaka. Binti wa miaka 13 ana nafasi ya kujiandaa vizuri akiwa bado katika kundi la wadogo, na baada ya hapo kundi la wakubwa linamsubiri.

Baba Köln

Shikamoo Mwalimu. Dada wa Nairobi, ninaongezea kutoka upande wa mzazi, kwani mwanangu wa kiume anapiga fidla na tunaishi Ujerumani.

Menuhin ni kilele, na kufika pale ni lazima mtoto achaguliwe kwanza kwa video. Geneva walipokelewa washiriki 44 tu kwa makundi yote mawili, waliochujwa kutoka kwa mamia ya waombaji. Ningekushauri uangalie pia mashindano ya Kocian, ambayo hufanyika Ústí nad Orlicí, mji mdogo wa mashariki mwa Bohemia katika Jamhuri ya Cheki. Yalianza mwaka 1959 na yamepewa jina la Jaroslav Kocian, mpiga fidla aliyezaliwa hapo hapo mwaka 1883 na kufundishwa na Otakar Ševčík, yule ambaye mazoezi yake ya vidole bila shaka binti yako anayafahamu na kuyachukia. Yale ni ya watoto na vijana hadi miaka 16 peke yake, nao wamegawanywa kwa umri, kwa hiyo mtoto hapambanishwi na mtu aliyemzidi miaka minane. Tulipokwenda kule kilichonigusa ni ukumbi wenyewe: wenyeji wa mji huja kusikiliza watoto wa watu wengine, wanatulia, wanapiga makofi kwa kila mmoja. Mwanangu hakupata nafasi yoyote ya juu, lakini alirudi na rafiki kutoka Poland ambaye hadi leo wanatumiana video za mazoezi, na tangu hapo sijawahi kumhimiza achukue fidla yake.

Kwa upande wa safari, anzeni viza mapema. Ombi la viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, linaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari; bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000; na mtoto akisafiri na mzazi mmoja huhitajika ridhaa ya maandishi ya yule mwingine. Fidla isipelekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege hata kidogo. Na kama upinde wake ni wa zamani, mwonyesheni fundi autazame ncha na kishikio, kwa sababu pinde nyingi za zamani zina pembe ya ndovu au gamba la kasa, na vitu hivyo bila hati zake vinaweza kuzuiliwa mpakani.

Fidla ya Forodhani (Zanzibar)

Assalaam aleikum. Mimi nitatofautiana kidogo na walionitangulia, na ninaomba nisieleweke vibaya, kwani ninalitakia kheri jambo hili.

Huku kwetu fidla iko katika taarabu kwa zaidi ya miaka mia moja, na mtoto anayejifunza hukaa nyuma ya wakubwa kwenye kikundi kwa muda mrefu kabla ya kupewa nafasi ya kusikika peke yake. Anapofika hapo amekwisha kupiga mbele ya watu katika harusi na sherehe nyingi kiasi kwamba hadhira haimtishi tena. Ninapowaona watoto wanaoandaliwa kwa mashindano tu, mara nyingi ninaona mtoto aliyepiga kipande kimoja mara elfu chumbani na mara mbili jukwaani. Matokeo yake ni mikono mizuri na moyo unaotetemeka.

Swali langu kwako, dada yangu, ni hili: binti yako amepiga mara ngapi mbele ya watu asiowajua? Kama jibu ni mara chache, basi kabla ya kufikiria Ulaya mpangieni matamasha hapo Nairobi, kanisani, shuleni, katika hospitali, popote penye watu na utulivu wa kutosha. Menuhin huyo huyo mnayemtaja alianzisha mwaka 1977 taasisi ya kuwapeleka wanamuziki vijana kupiga hospitalini, magerezani na kwenye nyumba za wazee, kwa kuwa aliamini pande zote mbili zinafaidika. Na Pwani mnakaribishwa. Chuo chetu cha muziki hapa Unguja, kilichofunguliwa mwaka 2002, kinafundisha taarabu na muziki wa nota pamoja, na mtoto aliyezoea Mozart akikaa wiki moja na wapigaji wa taarabu, sikio lake litapata kitu ambacho mshindani wake wa Seoul au Munich hana.

Mama wa Mpiga Fidla (Nairobi)

Ninawashukuru nyote. Ndugu wa Zanzibar, swali lako limetugusa. Ukiacha mitihani na tamasha la shule la kila mwaka, hajapiga mbele ya wageni ipasavyo. Tumezungumza naye jana jioni, na jambo la kwanza alilouliza ni kama anaweza kuja Unguja wakati wa likizo ya Agosti.

Nina swali moja la nyongeza. Mwalimu wake anataka video ya maombi irekodiwe hata hivyo, ili awe na lengo la kufanyia kazi. Video ya namna hii hutakiwa iweje? Tumepata pia barua pepe ya mashindano fulani ya mtandaoni yanayomwahidi nafasi iwapo tutalipa ada kabla ya mwisho wa mwezi. Je, tuyatilie maanani?

Mwanafunzi wa Vienna

Shikamoo mama. Mimi ni Mkenya ninayesomea fidla hapa Vienna, na kuhusu barua hiyo ninakusihi uiache. Siku hizi kuna mashindano mengi ya mtandaoni ambayo biashara yake ni ada: kila anayelipa hupata cheti, zawadi ya kwanza hutolewa kwa watu wengi katika kundi moja, na majina ya majaji ama hayapo ama ni ya watu wasiojulikana. Mashindano ya kweli hutangaza majaji mapema, hueleza vipande vya kila raundi kimoja kimoja, huwa na kanuni kuhusu jaji ambaye mwanafunzi wake anashiriki, na huyaweka wazi maonyesho ili kila mtu ajisikilizie. Hata pale mashindano ya Menuhin ya Richmond, Virginia, yaliposogezwa kutoka mwaka 2020 hadi 2021 kwa sababu ya korona na kufanywa kwa njia ya mtandao, mambo hayo yalibaki vile vile, na María Dueñas wa Hispania, aliyeshinda kundi la wakubwa, tulimsikia sote.

Ninakuomba pia umwambie binti yako kuhusu ile fainali ya Geneva. Chua alipiga koncheto ya Vivaldi iitwayo Majira ya Baridi na Li akapiga ile iitwayo Kiangazi. Asikilize tena akiwaacha kando wale wapigaji, awafuate wapiga chelo (ile ala kubwa ya jamii ya fidla) katika okestra na jinsi mtoto anavyoongea nao kwa pumzi na kwa mabega. Hapo ndipo penye somo, nalo linaweza kuanza kufanyiwa mazoezi Nairobi na wenzake watatu tu. Kasi ya vidole itakuja kwa wakati wake.

Mwalimu wa Nyuzi (Dar es Salaam)

Kijana wa Vienna amesema vizuri. Mimi nijibu la video.

Kwa kawaida kila kipande hurekodiwa mfululizo bila kukatwa wala kuunganishwa, kamera ikiwa imetulia mahali pamoja, na mikono yote miwili pamoja na uso vikionekana muda wote. Bach hupigwa peke yake; koncheto huhitaji mpiga piano wa kusindikiza, na hapa ndipo familia nyingi za Afrika Mashariki hukwama, kwani wapiga piano wanaoweza kusindikiza Mozart kwa utulivu si wengi na ratiba zao zimejaa. Mtafuteni mapema, mlipeni inavyostahili, na mpangeni naye mazoezi ya kutosha ili binti ajifunze kumsikiliza badala ya kumkimbia. Ukumbi uwe na mwangwi kidogo. Chumba chenye mazulia na mapazia mazito huiua sauti ya fidla. Kipaza sauti cha simu hubana sauti kubwa, kwa hiyo azimeni kinasa sauti cha nje na mkiweke umbali wa mita mbili au tatu.

Kuhusu Mozart, koncheto namba 3 ni chaguo zuri kwa umri wake. Mozart aliiandika mwaka 1775 akiwa na miaka 19, nota zake si nyingi, na kwa sababu hiyo kila kosa la upinde linasikika. Katika Partita, aanze na Sarabande, kile kipande cha mwendo wa taratibu. Ile Chaconne ya mwisho aisome nyumbani kwa mapenzi yake lakini asiitume mwaka huu, hata kama mwalimu wake ataona anaiweza.

Rekodini mwezi Novemba, baada ya safari ya Unguja na baada ya matamasha yasiyopungua matano. Kisha nileteeni kiungo cha video hapa hapa, niisikilize kabla hamjaituma.