Sepia au amba ya kuchomwa? Nanunua Jumamosi

Mwana wa Kibokoni: Salaam aleikum. Nimepata kazi ya kuchora milango mitatu ya nakshi ya Mji wa Kale. Nataka kahawia moja tu ya maana. Nichukue ipi?

Bi Wino: Waleikum salaam mwanangu. Ni karatasi au turubai? Rangi ya maji au ya mafuta? Zitatundikwa wapi? Hujasema lolote.

Fundi Brashi: Amba, basi. Ni udongo wenye chuma na manganizi, haupauki. Ukichomwa unazidi wekundu, na manganizi yake hukausha mafuta upesi.

Pwani Kuu: Fundi, amba haina ule ulaini wa sepia halisi, wino wa dome, yule jamaa wa ngisi. Mpako mmoja mwepesi tu, kivuli cha nakshi kimekaa.

Bi Wino: Huo wino naujua. Nilinunua dome kwa wavuvi, nikatoa vifuko, nikavianika, nikasaga na kuchanganya na gundi ya mgunga. Wallahi kivuli kilipendeza. Mteja akaitundika picha ukumbini, ikitazamana na dirisha. Mwaka haujaisha akaniita. Tulipofungua fremu, pembeni palipofunikwa na ubao palikuwa na kahawia nzito kama siku ya kwanza, upana wa kidole. Katikati kote pamefifia, misumari ya mlango haionekani. Nilimrudishia pesa zake. Hadi leo naumia.

Fundi Brashi: Pole sana dada. Na nyingi zinazouzwa kwa jina la sepia siku hizi ni amba na rangi nyeusi. Geuza tyubu usome alama ya rangi: PBr7 ni udongo.

Mzee wa Masizi: Mwawasahau wa zamani waliochorea masizi ya kuni, bista. Na kulikuwa na kahawia ya maiti za Misri zilizosagwa! Mchoraji Burne-Jones wa Uingereza alipojua, mwaka 1881, aliizika tyubu yake bustanini.

Pwani Kuu: Bi Wino, una hakika ulikuwa wa dome? Watu huuziwa ngisi.

Bi Wino: Nimezaliwa pwani, yakhe. Dome ana lile gamba jeupe la mgongoni, wapewalo ndege. Nililitoa kwa mkono wangu.

Mwana wa Kibokoni: Samahanini, nilikuwa kazini. Karatasi, rangi ya maji. Zitakaa barazani, upande wa mashariki.

Fundi Brashi: Barazani? Jua la asubuhi lote?

Mwana wa Kibokoni: Naam. Lakini mteja ametaja sepia kwa jina, ya dome hasa.

Bi Wino: Mwambie kuhusu ile fremu yangu kabla hujanunua.